Usukani Unaotangatanga: Usianze na Sanduku

Ukurasa wa Usalama na Afya



Ukipanda motokari asubuhi hapa Salamabila, uelekee Kabambare, Kasongo au upande wa Fizi, usitazame barabara kwanza. Tazama mikono ya shofere. Kama barabara imenyooka na mikono yake imetulia, basi sehemu ya mbele ya motokari ile ni nzima. Lakini ukiona anapeleka usukani kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekata ubao kwa msumeno, na motokari haijali, ujue kwamba mahali fulani chini chuma kimeachana na chuma mwenzake. Usukani umelegea.

Mashofere wengi wameizoea hali hiyo. Ukiwauliza watakujibu: "Ndivyo ilivyo hii, ni ya zamani." Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ulegevu wa usukani hauji siku moja. Leo ni upana wa kidole, baada ya miezi miwili ni vidole viwili, na mikono ya shofere inajifunza polepole kuufidia bila yeye mwenyewe kujua. Mpe mtu mwingine aendeshe motokari hiyo hiyo, naye atashtuka kabla ya kufika mwisho wa kambi.

Kwenye lami pana motokari inaweza kutangatanga sentimita 20 huku na huku, na abiria asiamke usingizini. Sisi hatuna lami hiyo. Tuna udongo mwekundu, mashimo, mifereji iliyochimbwa na mvua, na tuna madaraja ya miti: magogo yaliyolazwa juu ya kijito, na gurudumu linapita juu ya gogo au ubao mmoja tu. Pale sentimita 20 ndizo tofauti ya kuvuka na kutovuka.

Miaka mingi iliyopita, katika kampuni nyingine ambayo sina haja ya kuitaja, nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya muhogo. Shofere alikuwa mtu mzima, mtulivu. Wiki tatu alikuwa akimwambia kapita wa garaji: "Kapita, usukani unacheza." Na kapita akimjibu: "Tutaukaza, muzee." Kweli waliukaza. Kijana mmoja wa garaji alifungua boneti, akageuza skrubu iliyo juu ya sanduku la usukani, na baada ya dakika tano kazi ilikuwa imekwisha. Mchezo ulipungua. Muzee akashukuru, nasi tukapanda.

Kwenye daraja la miti gurudumu la mbele la kushoto lilipiga kichwa cha gogo. Usukani uligeuka wenyewe na haukurudi. Muzee aliuvuta kwa mikono miwili, lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kutumbukia kati ya magogo. Motokari haikupinduka, Mungu alisaidia. Mama mmoja alivunjika mfupa wa bega, nami niliacha meno mawili pale kwenye ukingo wa bodi. Tulipolala chini kutazama, tulikuta kiungo kimoja cha fito za usukani kimelika mpaka kichwa chake kilitikisika ndani ya kikombe kama karanga ndani ya ganda. Sanduku la usukani halikuwa na kosa lolote. Walikuwa wameliumiza bure, na kwa kulibana vile walilizuia usukani usirudi wenyewe.

Basi leo somo letu ni moja: usukani ukilegea, sanduku ni mahali pa mwisho pa kugusa. Anzia chini, barabarani, upande juu.

Nguvu ya mikono inapita wapi

Mikono inazungusha usukani. Nguzo ya usukani inashuka mpaka kwenye kiungo cha mpira au cha msalaba, halafu inaingia katika sanduku. Sanduku ndilo linalogeuza mzunguko mwingi wa usukani kuwa mwendo mdogo wenye nguvu. Kutoka sanduku unashuka mkono mfupi wa chuma. Mkono huo unasukuma ufito wa kwanza, ambao unakwenda kwenye kifundo cha gurudumu moja. Ufito wa pili unafunga gurudumu hilo na mwenzake ili yageuke pamoja. Kila mwisho wa ufito una rotuli, yaani kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe chenye grisi, kikafunikwa na kofia ndogo ya mpira. Na kifundo chenyewe kinageuka juu ya beringi mbili, moja juu na moja chini, kama mlango unavyogeuka juu ya bawaba zake.

Sasa fanya hesabu kidogo pamoja nami. Chukua sanduku ambalo usukani unazunguka mara 18 ili mkono wa chini uzunguke mara 1. Mkono huo una urefu wa sentimita 16, na usukani una upana wa sentimita 40. Rotuli moja ikilika milimita 1 tu, ulegevu utakaouona kwenye ukingo wa usukani unapita milimita 20. Rotuli mbili zikilika hivyo, unapita milimita 40. Vitabu vingi vya motokari za namna ya Land Cruiser vinaweka mwisho wa mchezo unaokubaliwa kati ya milimita 30 na 40. Kwa hiyo milimita 2 za chuma kilicholika, unene wa sarafu, zinatosha kuitoa motokari kazini. Ndiyo maana jicho peke yake halioni kitu. Unahitaji kidole.

Watu wawili, dakika kumi

Jaribio hili halina gharama wala halihitaji mashine. Linahitaji watu wawili wanaosikilizana.

Simamisha motokari mahali tambarare, magurudumu yameelekea mbele, uzito wote uko juu ya mipira. Usiinue kwa jeki bado. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe au vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu, na ufunguo uingie mfukoni mwa yule atakayelala chini. Ndiyo, mfukoni mwake yeye, si mfukoni mwa aliyekaa kwenye kiti. Mmoja akae aupeleke usukani kushoto na kulia, kidogo tu, upana wa kiganja, polepole na bila kubadili mwendo. Mwingine alale chini aweke kiganja juu ya kila kiungo, kimoja kimoja, vidole vikigusa vipande vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kiungo kizima: vipande viwili vinakwenda pamoja. Kiungo kilicholika: kimoja kinaanza, kingine kinachelewa, halafu kinafuata kwa mshtuko mdogo, tik. Kidole kitausikia mshtuko huo kabla ya jicho. Usiweke vidole kati ya kifundo na kizuizi chake cha mwisho, maana hapo vinaweza kubanwa.

Fuata njia yote. Anza na rotuli za ufito wa pili, kisha za ufito wa kwanza, kisha mkono wa chini ulipofungwa kwenye sanduku. Usiache kazi ukikuta kosa la kwanza! Rotuli zilizaliwa siku moja, zimekunywa tope moja. Moja ikilika, nyingine iko njiani. Tazama pia zile kofia za mpira. Kofia iliyopasuka ni kifo cha rotuli: vumbi letu jekundu linaingia, maji ya kijito yanaingia, vinachanganyika na grisi na kuwa msasa.

Ukifika kwenye sanduku, weka kiganja nusu juu ya sanduku na nusu juu ya fremu. Mara nyingi sanduku zima linatikisika kwa sababu bolti zake zimelegea, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini kama bolti zimekazwa na bado linatikisika, safisha tope na mafuta yote pale kwa brashi na dizeli, upanguse, utafute ufa. Fremu huchoka na kupasuka karibu na bolti za sanduku, na ufa wenyewe hujificha chini ya uchafu. Motokari iliyoletwa mpya mwaka 2016, Namoya ilipoanza kuzalisha dhahabu kibiashara, si kijana tena leo. Kama imefanya kazi kila siku kwenye barabara hizi, huo ufa utafute kwa bidii.

Mwisho wa jaribio hili panda juu, utazame kiungo cha nguzo ya usukani. Kama ni cha mpira, kinaweza kuwa kimechanika. Kama ni cha msalaba, kinaweza kuwa kimelika au kukauka.

Sasa inua gurudumu

Hapa nazungumza na wewe uliye kijana wa garaji. Kriki, yaani jeki, ni chombo cha kuinulia. Si nguzo ya kulalia chini yake. Udongo wetu baada ya mvua unakunywa jeki kama unavyokunywa maji. Weka ubao mnene chini ya jeki, na ukishainua, weka vigogo vizito au vishikio vya chuma chini ya mhimili kabla mkono wako haujaingia ndani.

Shika gurudumu kwa juu na chini, uvute na kusukuma. Likitikisika, usikimbilie kusema "beringi ya gurudumu". Mwambie mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Breki inafunga gurudumu na kifundo kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo mtikisiko ukipotea, kosa liko kwenye beringi za gurudumu. Mtikisiko ukibaki, kosa liko kwenye beringi za kifundo. Nimeona watu wakibadili beringi za gurudumu mara mbili, wakatumia fedha za kampuni, na kosa likabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyekanyaga breki.

Beringi za kifundo ndizo zinazosahauliwa kuliko zote, nazo huku kwetu zinakufa mapema kwa sababu ya maji. Kwenye Land Cruiser zenye mhimili mzima mbele, kifundo kina bakuli la mviringo lililojaa grisi. Ukikuta gurudumu kwa ndani limelowa weusi mzito, mafuta ya mhimili yamevuka sili na kuyeyusha grisi ile. Ukifungua ukakuta grisi imekuwa nyeupe kama uji, maji yameingia. Hali zote mbili maana yake ni kufungua, kusafisha, kuweka sili mpya na kutazama beringi kama zina mashimo au kutu. Beringi hizi hukazwa kwa vibati vyembamba vya kupimia. Fuata kipimo cha kitabu cha motokari hiyo. Zikilegea, gurudumu huanza kutetemeka vibaya kwenye barabara ya mawimbi, mpaka usukani unamtoka shofere mkononi.

Na hapo wengi wanafanya hila: wananunua amotisa mpya ya usukani, ile inayolala karibu na fito kuzuia mitikisiko. Mtetemeko unapungua, wote wanafurahi. Lakini amotisa haikuponya kitu. Imefunika kidonda kwa kitambaa. Ibadilishe ikiwa inavuja, lakini baada ya viungo kupona.

Kama viungo vyote ni vizima

Hutokea pia kwamba fito, rotuli na beringi ni nzima, na motokari bado inatangatanga. Usishangae. Tazama mambo haya.

Mipira kwanza. Ipime upepo asubuhi kabla haijapata moto. Ya mbele iwe sawa kushoto na kulia, na iwe ya aina moja; mpira wa tope upande mmoja na wa barabara upande mwingine ni ugomvi wa ndugu wawili, na anayeumia ni shofere.

Mzigo wa pili. Pipa la dizeli la lita 200 lina uzito unaopita kilo 180 pamoja na bati lake. Weka mapipa matatu mwishoni kabisa mwa bodi, nyuma ya mhimili wa nyuma, halafu utazame pua ya motokari inavyoinuka. Magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito, hayashiki tena udongo, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Sogeza mapipa mbele, karibu na kibanda, na kosa litapungua bila kugusa hata bolti moja.

Halafu springi. Bolti zenye umbo la U zinazofunga mhimili kwenye springi zikilegea, au bolti ndogo ya katikati ikikatika, mhimili unatembea peke yake. Kama ni mhimili wa nyuma, motokari inajigeuza kwa nyuma, na shofere anapigana na usukani ambao hauna kosa. Mvua itakusaidia kuligundua hilo: baada ya mvua endesha taratibu, umenyoosha, juu ya udongo laini, shuka, rudi nyuma utazame nyayo za mipira. Kama mipira ya nyuma imetoka nje ya nyayo za mbele upande mmoja tu, mhimili umehama. Bushi za springi zilizokufa hufanya vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo zaidi.

Jambo la mwisho hapa ni la mlalo wa kifundo, na nitalieleza kwa baiskeli. Umewaona wale wanaosukuma baiskeli ikiwa tupu kwa kuishika kiti tu? Usukani hakuna aliyeushika, na bado gurudumu la mbele linajinyoosha lenyewe. Sababu ni kwamba uma wa mbele umelala, na mahali gurudumu linapogusa ardhi pako nyuma kidogo ya mahali mstari wa uma ungegusa. Gurudumu linavutwa, kwa hiyo linafuata. Motokari nayo imetengenezwa hivyo. Mtu akiinua Land Cruiser mbele kwa springi za koili ndefu kuliko zake ili ipite matope, mhimili unazunguka kidogo na mlalo ule unapungua. Motokari inaonekana na nguvu, mrefu kama askari, lakini haijui tena kujinyoosha. Rudisha springi zake, au uweke bushi zilizotengenezwa kwa kurekebisha mlalo.

Kubadili rotuli bila kuharibu

Kabla ya kufungua, pima urefu wa ufito kutoka katikati ya rotuli moja mpaka katikati ya nyingine, uandike. Hesabu pia mizunguko unapoitoa. Mwisho mmoja wa ufito mara nyingi una nyuzi za kushoto; usitumie nguvu kabla ya kutazama.

Rotuli imekaa kwenye tundu jembamba kama kizibo. Usipige nyundo kwenye mwisho wenye nyuzi, utaviharibu vyote. Legeza nati bila kuitoa kabisa, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Jicho litashtuka na rotuli itaachia.

Unaporudisha, kaza nati kwa kipimo, halafu utie pini mpya ya kupasua. Tundu lisipolingana na mfereji wa nati, endelea kukaza kidogo mpaka lilingane. Usilegeze kamwe ili kulitafuta. Na pini ni pini: si msumari, si waya wa umeme, si kipande cha spoki. Pini hiyo ni ya bei ndogo kuliko mkate, nayo peke yake inazuia nati kutoka.

Usiunge kwa moto ufito wala mkono wa usukani uliopinda au kupasuka. Moto unabadili chuma. Kitaonekana kizima, kisha kitakatika ghafla. Usijaze kikombe cha rotuli kwa kipande cha mpira wa ndani. Najua kipuri kinaweza kuchelewa siku nyingi kutoka Bukavu. Basi motokari isubiri.

Baada ya kazi, pima mwelekeo wa magurudumu. Weka alama ya chaki katikati ya kila mpira wa mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, upime umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma motokari mbele mpaka alama zile zile zifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita chache tu, kama kitabu kinavyosema. Ukikuta wa mbele ndio mkubwa, magurudumu yanatazama nje, na motokari itatafuta kila shimo kushoto na kulia.

Sasa tu, kama yote ni sawa na mchezo bado uko, njoo kwenye sanduku. Tazama mafuta yake kwanza. Inua magurudumu ya mbele, weka usukani katikati, legeza nati ya kufungia, geuza skrubu sehemu ndogo ya mzunguko, funga nati. Kisha zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho. Ukikuta mahali pazito, umekaza mno, rudisha. Sanduku limetengenezwa likiwa na mbano zaidi katikati, na katikati ndipo linapolika. Likilika sana pale, hakuna skrubu itakayoliponya: ukiondoa mchezo wa katikati, utabana pembeni. Hilo ni la kubadilishwa. Wazee waliofanya kazi na Land Rover za zamani watakumbuka jambo lililo kinyume, silinda ya kugeuzia iliyofichwa ndani ya fremu ya mbele: ikikosa mafuta ilikauka, na usukani haukurudi hata kama hakuna aliyekaza kitu.

Kwa shofere, na kwa mama anayepanda nyuma

Shofere, usipitishe dole gumba ndani ya duara la usukani. Liache juu ya ukingo, nje. Gurudumu likipiga jiwe, usukani unaruka, na vyuma vyake vya ndani vinapiga dole gumba. Kwenye motokari isiyo na msaada wa mafuta pigo hilo linaweza kuvunja mfupa. Na ukirudi nyumbani kila jioni mabega yameganda na viganja vimevimba, usinunue dawa ya kupaka tu. Mwambie daktari wa kambi unaendesha motokari gani.

Ukigundua ulegevu njiani, mbali na garaji, punguza mwendo, toa watu waliokaa kwenye kingo za bodi, na kabla ya kila daraja la miti shusha abiria wavuke kwa miguu. Watalalamika. Waache walalamike, wakiwa ng'ambo.

Mama, wewe unayepanda na mtoto kwenda sokoni au hospitali, una haki ya kumwuliza shofere. Usiseme, "Baba, endesha vizuri," maana hilo litamkasirisha. Mwulize: "Baba, mbona mikono yako haitulii leo?" Atakuelewa.

Na kosa lisemwe kwa maandishi. Yule muzee wa magogo alisema mara tatu kwa mdomo, na baada ya ajali hakuna aliyekumbuka kusikia. Andika katika daftari la motokari tarehe, kilomita, na maneno machache: "Usukani unacheza vidole vitatu, kiungo cha kulia kinagonga." Kapita atie sahihi. Asipotia, nenda kwenye kamati ya usalama na usafi kazini; Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaitambua kamati hiyo, na wajumbe wake wako kwa kazi kama hii.

Motokari ikitoka garaji, endeshwe kwanza ikiwa tupu, polepole, na mahali palipo wazi. Baada ya wiki moja ya kazi irudi, bolti za umbo la U na za sanduku zikazwe tena, maana chuma kipya hujikalisha. Na katika safari ya kwanza yenye abiria, yule aliyelala chini kuitengeneza apande pamoja nao, akae nyuma.